Uchunguzi wa matiti Mtwara: chumbani nimeridhika, mlangoni bado

Mimi ni fundi cherehani hapa Magomeni, Mtwara. Kazi yangu ni kuzungusha futi kamba kwenye vifua vya wanawake wa kila rika, na mwanamke akishasimama mbele ya fundi wake kanyoosha mikono, husema mengi ambayo nyumbani hayasemi. "Shangazi, hapa ubavuni nilegezee, pananibana." Nikitazama, nguo haina shida yoyote. Kwa hiyo Oktoba iliyopita gari la matangazo lilipopita mtaani kwetu likitangaza uchunguzi wa bure wa saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi katika hospitali moja ya serikali hapa mjini, nilifunga banda nikaenda. Nilikuwa nimetimiza miaka 51, na tangu nimwachishe ziwa kitindamimba wangu hakuna mtu wa afya aliyewahi kuniangalia matiti.

Naandika haya kwa wanawake wenzangu wa Mtwara na Lindi wanaojiuliza kama kuna haja ya kwenda. Ipo, tena kubwa. Naandika pia kwa wanaoandaa huduma hii, maana nimeona kwa macho yangu kwa nini wanajipanga vizuri halafu watu hawaji.

Chumbani kulikuwa na muuguzi, binti wa umri wa mwanangu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Akavuta pazia, akanawa mikono, akaisugua ipate joto kabla hajanigusa. Aliniuliza umri wangu, nilijifungua mtoto wa kwanza nikiwa na miaka mingapi, nilinyonyesha kwa muda gani, na kama mama, dada au shangazi yeyote aliwahi kuugua saratani. Hakuandika tu, alikuwa anasikiliza. Kisha akaniomba nikae nimeinua mikono juu ya kichwa, halafu niishushe na kuibana kiunoni, huku yeye akiangalia kwenye mwanga wa dirisha. Alinieleza anachotafuta: ngozi kubonyea, ngozi kuwa na vitundu kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani wakati zamani haikuwa hivyo, titi moja kubadilika umbo.

Baada ya hapo nilijilaza, mkono mmoja chini ya kichwa. Alitumia vidole vitatu vya kati, ile sehemu laini ya kidole wala si ncha, akazungusha miduara midogomidogo kuanzia kwapani, akipanda na kushuka bila kuruka mahali. Akagusa na juu ya mtulinga, ule mfupa ulio chini ya shingo. Hakuharakisha. Alipofika upande wa nje wa titi la kushoto akarudia mara nyingine, akanyamaza, kisha akachukua vidole vyangu mwenyewe akaviweka pale. "Umekisikia mama? Kinateleza. Vya namna hii mara nyingi si vibaya, lakini vidole havioni ndani. Twende altrasaundi." Nataka niseme wazi, kile kitendo cha kunishikisha vidole vyangu ndicho kilichonituliza. Mtu akikuambia "una uvimbe" kisha akageuka kuandika, unabaki na hofu yako peke yako. Huyu aliniacha nikijue.

Daktari wa altrasaundi alinionyesha kwenye kioo: doa jeusi, mviringo, kingo zake laini. Kifuko cha maji. Kwa kuwa kilikuwa kimeanza kuniumiza nikilala kifudifudi, alikitoboa kwa sindano huku akiangalia kioo, akavuta maji ya rangi ya chai ya rangi iliyozimuliwa, na lile doa likasinyaa mbele yangu hadi likatoweka. Uchunguzi wenyewe ulikuwa bure. Altrasaundi nililipia shilingi 20,000 kwa kontroo namba, na kwa kuwa sina bima nililipa taslimu kwa wakala aliye nje ya geti.

Jambo moja alilosema daktari nalirudia kwa kila mteja wangu: saratani ya titi mwanzoni mara nyingi haiumi. Sisi tunasubiri maumivu. Mwanamke anakaa na kinundu miezi na miezi kwa sababu "hakiniumi", kumbe kutouma si dhamana. Na vinundu vingi vinavyogunduliwa si saratani, kama changu, lakini huwezi kujua kipi ni kipi kwa kukaa nacho nyumbani na kukipaka mafuta ya nyonyo.

Sasa mlango wa kuingilia. Foleni ya uchunguzi ilikuwa imewekwa kwenye korido ileile wanayokaa wagonjwa wa kawaida, wanaume kwa wanawake, na wengine ni majirani zetu. Karani akatoka akapaza sauti: "Wa matiti simameni huku! Wa shingo ya kizazi kule!" Korido nzima ikageuka. Dada mmoja aliyekaa karibu yangu, kavaa baibui, alikunja kadi yake akaitia kwenye mkoba akaondoka, na sikumwona tena siku ile. Sijui alikuwa na nini. Inawezekana hakuwa na kitu. Lakini aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe, labda baada ya kujishauri miezi, karudishwa nyumbani na sauti ya mtu mmoja. Hilo limeniuma kuliko yote niliyoyaona. Kumpa kila mtu namba na kumwita kwa namba hakugharimu hata senti.

Kasoro ya pili ni majibu. Nilirudi baada ya wiki moja kwa ajili ya kuangaliwa tena, nikakuta mama mmoja kutoka Msimbati amekaa kwenye ngazi na kikapu chake. Alichukuliwa kinyama kwa sindano wiki zilizopita, akaambiwa arudi tarehe ile. Karudi. Daktari ana semina, majibu yamo kwenye kabati, ufunguo anao daktari. "Njoo Jumatatu mama." Amepanda gari kutoka Msimbati, nauli ya kuja na kurudi, kuku wawili kawauza, halafu njoo Jumatatu. Wala hakukasirika. Alisema tu, "Haya baba," akainuka. Nilimwomba aje akae kwangu mpaka Jumatatu, akakataa kwa sababu ameacha wajukuu.

Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti uliozinduliwa 2021, linasema mwanamke akishafika kituoni na dalili, vipimo vyote mpaka jibu la mwisho visizidi siku 60. Linataka pia angalau asilimia 60 ya wanaougua saratani hii wagundulike ikiwa bado hatua ya kwanza au ya pili. Siku 60 zinaonekana nyingi ukizisoma. Zihesabu kwa mtu wa Msimbati anayeambiwa njoo Jumatatu, kisha sampuli ipelekwe, kisha msomaji wa sampuli awe safarini, utaona zinavyokwisha.

Tatu, na hapa ndipo penye kiini cha kuja au kutokuja kwa watu: Oktoba. Dunia nzima Oktoba ni mwezi wa saratani ya matiti, riboni za waridi kila mahali. Huku kwetu Oktoba ni korosho. Mikorosho inadondosha, mnada umeanza, na anayeinama kuokota, kukamua bibo, kuanika na kujaza magunia ni mwanamke. Mama wa Tandahimba, Newala au Nanyamba hawezi kuacha korosho chini ikalowe mvua au iokotwe na mwingine aje mjini kupimwa kitu ambacho hakimuumi. Siku niliyokwenda, karibu wote tuliokuwa kwenye benchi tulikuwa wa mjini: wafanyabiashara wa sokoni, walimu, wake za askari. Watumishi walikuwa wanapiga miayo saa saba mchana. Halafu utasikia kwenye kikao, "Mwitikio wa wananchi ni mdogo, elimu inahitajika." Si elimu. Leteni huduma hiyo Julai au Agosti, mavuno ya chakula yameingia ndani, korosho haijaanza kudondoka, mje muone.

Mdogo wangu ameolewa England, mjini Leicester, na mambo ya kule amenisimulia kwa simu mpaka nimeyajua. Kule mwanamke hasubiri gari la matangazo. Tangu 1988 kuna mpango wa taifa: kila mwanamke aliyeandikishwa kwa daktari wa familia, kuanzia miaka 50 mpaka afikapo 71, anaitwa kwa barua yenye jina lake kila baada ya miaka 3 kwenda kupigwa picha ya matiti, mamografia. Barua ya kwanza inaweza kuchelewa, ila hufika kabla hajatimiza 53. Wengi hawaendi hata hospitalini, linakuja gari lenye mashine na kuegesha kwenye maegesho ya duka kubwa. Kati ya wanawake 100 wanaopigwa picha, kama 4 huitwa tena kwa vipimo zaidi, na kati ya hao wanaoitwa tena, kiasi cha mmoja katika kila 4 ndiye anayekutwa na saratani. Mdogo wangu ni mmoja wa walioitwa tena. Alilia usiku kucha, akanipigia saa tisa ya huku kwetu. Ilikuwa si kitu.

Wanampa na kijitabu kinachosema faida na hasara bila kuficha. Mojawapo ya hasara ni kwamba picha hugundua saratani nyingine ambazo zisingemsumbua mtu maisha yake yote, naye akatibiwa kwa kitu ambacho angeishi nacho. Nimependa kwamba wanaambiwa. Mtu mzima huambiwa yote akaamua.

Kingine alichonisimulia kilinishangaza zaidi. Alipofikisha miaka 50, alipokea kwa posta bahasha yenye kichupa kidogo chenye kijiti kwenye kifuniko. Ni kipimo cha saratani ya utumbo mpana. Unajisaidia juu ya karatasi isiyogusa maji, unachovya kijiti kwenye kinyesi mara moja tu, unakirudisha kwenye kichupa, unaandika tarehe, unakituma kwa bahasha ambayo tayari imelipiwa. Maabara inatafuta damu ambayo jicho haliioni. Kwa England kipimo hiki ni kwa wanaume na wanawake wa miaka 50 hadi 74, kila baada ya miaka 2. Mpango ulianza 2006, wakati huo mtu alitakiwa kuchukua choo cha siku tatu tofauti. Tangu 2019 inatosha siku moja, na waliorudisha vichupa wakaongezeka. Kati ya watu 100 wanaotuma, kama 2 ndio huitwa kwa uchunguzi zaidi, kuingizwa kamera kwenye utumbo. Na kamera hiyo haiishii kutafuta saratani. Inaona vinyama vidogo ambavyo huota kwenye ukuta wa utumbo na huchukua miaka mingi, mara nyingi kama kumi, kabla ya kugeuka, navyo hukatwa palepale. Yaani mtu anakingwa na ugonjwa ambao bado hajaupata.

Mtu angedhani kwa huduma inayokufuata mpaka mlangoni kila mtu hushiriki. Sivyo. Hata kule, kwenye matiti wanakuja takriban 7 katika 10 wanaoitwa. Australia, ambako nako vichupa hutumwa nyumbani, wanaorudisha ni takriban 4 tu katika 10. Mdogo wangu alikiri, kichupa chake kilikaa juu ya friji wiki nyingi kabla hajakitumia, kwa kinyaa na kwa hofu. Kwa hiyo sisemi watu wa kusini ndio wenye aibu. Aibu ni ya binadamu. Tofauti ni kwamba mwenzetu akichelewa, barua ya kukumbusha inakuja. Sisi tukichelewa, hakuna anayejua kwamba tumechelewa.

Nimelitaja la utumbo kwa sababu yangu. Mjomba wangu, kaka wa mama, mtu wa Newala, alikuwa anaona damu chooni. Kila mtu alisema bawasiri. Akanywa mizizi, akanunua dawa ya kupaka dukani, akaambiwa apunguze pilipili. Choo kikawa chembamba, mara anafunga mara anaharisha, suruali zikamlegea nikampunguzia viuno mimi mwenyewe kwenye cherehani hii. Alipofikishwa Dar es Salaam na kupitishiwa kamera, uvimbe ulikuwa umeshaziba sehemu ya utumbo. Walimfanyia upasuaji na kumtolea choo tumboni, kisha akaanza kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani. Kutoka hapa mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 550, na wagonjwa wetu wanaohitaji mionzi wanaifuata njia hiyohiyo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara upande wa Lindi, mabasi yalikwama, na kuna watu waliokuwa na tarehe za kliniki mikononi wakaziangalia zinapita. Mjomba hakuifikia Mei hiyo.

Basi pale hospitalini, baada ya mambo yangu kwisha, nilimwuliza yule muuguzi: na utumbo je, mnapima? Akasema kipimo cha damu kwenye choo kinafanyika maabara daktari akiandika, lakini uchunguzi wa kuwaita watu wazima wasio na dalili haupo. Nilimshukuru kwa kusema kweli. Ila kwenye fomu ya maswali wanayokuuliza ukifika, sijaona swali lolote kuhusu damu chooni. Swali moja tu lingeongezwa, na wanaume waliokaa kwenye korido ileile wangeulizwa pia.

Wapo watakaosema sisi hatuna posta za kufika nyumbani wala fedha za mamografia kwa kila mtu. Sawa. Lakini msiniambie hatuwezi kuita watu kwa majina, kwa sababu tunaita kila siku. Mkulima wa korosho anasajiliwa: jina, kijiji, shamba, namba ya simu, ili apate salfa ya ruzuku, dawa ya mikorosho. Malipo ya mnada yakiingia anajulikana. Mama wa mtoto mchanga ana kadi ya kliniki yenye tarehe ya kurudi, na asiporudi mhudumu wa afya wa kijiji anakwenda kumwulizia. Chanjo ya HPV ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza nchi nzima 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na ilipobadilishwa 2024 kuwa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14, ilifuata mabinti shuleni, na mwalimu alikuwa na orodha. Kwa hiyo njia tunayo. Mwanamke akishapita umri wa kuzaa ndipo orodha zote zinamsahau, na umri huohuo ndio saratani inapozidi kumtafuta.

Kuna na watu wetu wenyewe ambao sijaona wakishirikishwa: makungwi. Nani mwingine huku kusini anaweza kuzungumza na wanawake kuhusu miili yao, mbele ya kundi, bila mtu kuinamisha macho? Mfundisheni kungwi namna ya kupapasa kwa vidole vitatu, atawafundisha wengi kuliko spika ya gari. Baadhi ya wanawake wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa tayari wameniomba niwaonyeshe nilivyoonyeshwa. Nimewaonyesha, na nimewaambia kujipapasa nyumbani hakuchukui nafasi ya kwenda kupimwa na anayejua.

Tathmini yangu: chumba cha uchunguzi nakipa nyota 5 kati ya 5, na yule muuguzi ningempa na zaidi kama zingekuwepo. Mapokezi nyota 2. Utoaji wa majibu nyota 1, kwa ajili ya yule mama wa Msimbati. Nimepangiwa kurudi baada ya miezi 6 na nitarudi.

Kwa anayetaka kwenda: vaa blauzi yenye vifungo mbele pamoja na sketi au kanga, usivae gauni la kipande kimoja, maana utavuliwa lote. Kama uko kwenye siku zako au matiti yamejaa na yanauma, subiri siku chache ziishe, ila kama una kinundu, damu kwenye chuchu au damu chooni usisubiri kampeni ya mtu yeyote. Nenda siku yoyote ya kazi ukaandikishwe kama mgonjwa wa kawaida. Ukitaka kupimwa na mwanamke mwenzako, sema mapema pale mapokezi, hawakatai. Beba pesa kidogo ya altrasaundi. Na kabla hujatoka chumbani mwulize aliyekupima majibu yanatoka lini, yanatolewa na nani, na akupe namba ya simu ya kuuliza kwanza kabla hujapanda gari.